Popo wa Kasanka au sokwe wa Chimfunshi: ukitoka Lubumbashi na watoto, uende wapi?

Mvua za kwanza zikinyesha na akina mama wa soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, wakianza kupanga mafungu ya masuku, yale matunda ya porini, najua simu ya mdogo wangu iko njiani. Swali ni lile lile la kila mwaka: watoto waende wapi wakaone wanyama? Mimi kazi yangu ni ofisini, kwenye usafirishaji. Malori yetu hutoka hapa Lubumbashi, yakapita Kasumbalesa, mengine yakaishia Ndola, mengine yakaenda hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo katika ukoo mzima mimi ndiye anayejua barabara. Hawajui kwamba barabara ninayoijua zaidi ni ile ya kwenye makaratasi. Ila nimekwenda mwenyewe pia, mara kadhaa, na gari dogo na ndoo ya barafu kwenye buti, na sehemu mbili, zote za Zambia, Chimfunshi ya sokwe na Kasanka ya popo, ndizo ninazoweza kumwambia mtu: uza mbuzi uende.

Mwaka huu swali limekuja na masharti. Wako wanne: yeye, mume wake ambaye mgodi wa Kolwezi humpa ruhusa ya siku chache, binti wa miaka 12, na mvulana wa miaka 7 anayeogopa hata jogoo. Gari moja. Siku nne, zikizidi tano. Pesa ni ya kuhesabu.

Nianze na zile nilizozifuta kwenye orodha, kwa sababu kila mtu huzitaja kwanza.

Gorila. Ndugu zetu wa Bukavu wana Kahuzi-Biega, wa Goma wana Virunga, lakini kutoka hapa ni ndege, na hali ya Kivu sihitaji kuieleza. Upande wa Rwanda, kibali cha kuwatazama gorila saa moja ni dola 1,500 kwa mgeni kutoka nje, na mtoto aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi hata ukiwa na pesa ya kumwaga. Hapo mjadala umekwisha.

Hifadhi ya Upemba, basi, si iko kwetu? Iko kwetu, tangu 1939, na ndiyo inayotunza pundamilia wa mwisho wa Congo. Mtu wa hapa anaweza kuzeeka bila kujua kwamba nchi yake ina pundamilia. Lakini walinzi wameuawa kule, kituo chao cha Lusinga kimewahi kushambuliwa na watu wenye silaha, na barabara inataka gari la kupanda mlima. Sitampeleka mtoto. Hifadhi ya Kundelungu ni afadhali, ila kule unakwenda kwa ajili ya maji: maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Mnyama ukimwona ni bahati yako, na wengi hurudi na picha za maji tu.

Mikumi, Tanzania, ni ya madereva. Barabara kuu ya kwenda Dar inaikata hifadhi katikati, kama kilomita 50, na lori letu lililobeba shaba linapita kati ya twiga na nyati bila kulipa kiingilio. Dereva wetu mmoja, mzee wa Likasi, aliwahi kunipigia simu saa za kazi kuniambia amechelewa. Kwa nini? "Bosi, leo tembo njo polisi." Alikuwa amesimamishwa na kundi lililokuwa linavuka na watoto wake, na hakuna aliyethubutu kupiga honi. Namwonea wivu. Lakini ni safari ya kama kilomita 1,800 kwenda, na siku nne za familia zitaisha kabla hawajafika Mbeya.

Nyumbani kwanza

Kabla ya kulipa viza, watoto wawe wameona kilichopo mjini. Bustani ya wanyama ya Lubumbashi ni mahali pa Jumapili: maharusi wanapiga picha, watoto wanamwagikiwa na Fanta, simba amelala na hana habari na mtu. Ilikaribia kuwa tupu miaka ile ya taabu, ikafufuliwa. Kwa mvulana wa miaka 7 inatosha kabisa, tena nasema kwa dhati. Mtoto wa umri huo haoni tofauti kubwa ya simba wa kwenye kizimba na simba wa porini. Anachotaka ni kuona meno.

Kitu kizito zaidi cha mji huu ni J.A.C.K., kimbilio la sokwe lililoanzishwa 2006 na Franck na Roxane Chantereau. Jina ni kifupi cha Kifaransa cha wanyama wadogo walionyang'anywa wafanyabiashara huku Katanga. Hawa ni yatima. Ili mtu amuuze sokwe mchanga, lazima kwanza mama yake auawe, na mara nyingi na wengine wa kundi waliojaribu kumtetea. Nyama inauzwa, mtoto anauzwa. Nilikwenda na kundi la shule la binti yetu, na mlezi alipomaliza kueleza hayo watoto wote walikaa kimya. Binti akanivuta shati: "Yomba, sasa mama yao iko wapi?" Sikumjibu vizuri. Nilimnunulia biskuti.

Mnakumbuka Septemba 2022. Watu waliingia usiku, wakaiba sokwe watatu wachanga, wakapeleka video kwenye simu ya mama mwenye kituo wakidai fedha nyingi, kama wanavyoteka watoto wa matajiri. Wenye kituo walisema hawalipi, maana wakilipa leo kesho watarudiwa. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza kwa nini kimbilio kama lile si mahali pa kuingia na kutoka unavyotaka. Kazi yake ya kwanza ni kulea. Mgeni ni wa pili, na apige simu kwanza.

Chimfunshi: wakimbizi wetu ng'ambo

Sasa tuvuke. Zambia haina sokwe wa porini. Hata mmoja. Hata hivyo kwenye Mto Kafue, si mbali na mpaka wetu, kuna sokwe zaidi ya 100, na hadithi yao inaanzia kwetu. Mwaka 1983 David na Sheila Siddle, wafugaji wa ng'ombe, waliletewa sokwe mdogo aliyejeruhiwa vibaya usoni, aliyekuwa amenyang'anywa watu waliomtoa Zaire. Wakampa jina Pal, wakamuuguza, akapona. Habari ikasambaa kwamba kuna shamba linalopokea sokwe, na wengine wakaanza kuletwa, wengi wao kutoka upande huu. Shamba la ng'ombe likawa kijiji cha sokwe. Kwa hiyo Mkongomani anapolipa kiingilio Chimfunshi, analipa kwenda kuwasalimia majirani waliohama kwa nguvu.

Njia ni nyepesi. Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90, halafu Chililabombwe, halafu Chingola. Ukitoka Chingola unashika barabara ya Solwezi, unakwenda kilomita 60 na kitu, na kipande cha mwisho ni cha vumbi. Ukitoka nyumbani kabla ya jua na mpaka ukikupa uso mzuri, mchana uko huko. Kuna pa kulala na pa kupiga hema, pa kujipikia. Beba unga wako.

Na unga utakuwa na maana huko. Sokwe wa Chimfunshi wana misitu yao mikubwa iliyozungushiwa uzio, kila familia na msitu wake, wanazurura na kulala humo wanavyopenda. Zaidi ya wanayochuma wenyewe hupewa chakula, na sehemu ya chakula hicho ni nshima, yaani bukari yetu ile ile, ugali, imefinyangwa tonge tonge. Nilimwona dume mmoja mzee ameshika tonge lake kwa mkono wa kushoto, analitazama, ananusa, analigeuza upande wa pili, sawasawa na baba mkwe wangu anapoletewa bukari akashuku ina muhogo mwingi. Halafu akala taratibu akinitazama mimi. Uzio ulikuwa kati yetu. Kama hatua nne. Kwa umbali huo unaona kucha, na kucha za sokwe ni kucha za mtu, zenye weusi wa udongo chini yake.

Wanachokifanya pale wakati mwingine hakina faida yoyote, na hicho ndicho kinachochekesha. Mwaka 2010 jike mmoja, Julie, alianza kuchukua jani la nyasi na kulichomeka sikioni. Akaliacha linaning'inia, akaendelea na shughuli zake. Wenzake wakamwiga, na katika kundi la sokwe 12 wakafika wanane wenye mtindo huo. Watafiti waliandika jambo hilo 2014: hakuna chakula ndani yake, hakuna dawa, ni mtindo tu, na hata Julie alipokufa wapo walioendelea. Miaka ya karibuni kundi lingine la hapo hapo lilianza mtindo huo na likaongeza wa kwake, wa kuchomeka nyasi pahali ambapo sitapataja, kwa kuwa mdogo wangu atawasomea watoto. Mvulana atapenda. Mwambieni tu aangalie vizuri.

Hasara yake ni uzio wenyewe. Ukiwa mtu mwenye moyo mwepesi, utakaa pale unahesabu: huyu alizaliwa porini kwetu, huyu alizaliwa hapa na hatatoka. Binti wa miaka 12 atauliza swali lile lile la mama. Safari hii jitayarisheni na jibu, biskuti hazitamtosha. Na kitu kingine: sokwe hushika mafua yetu. Mmoja wenu akikohoa, abaki kambini. Si ukali wa wenyeji. Mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kumuua sokwe.

Halafu, simameni mbali na uzio. Wanarusha mawe. Wanajaza maji mdomoni, wanakuja na uso wa upole, halafu wanakumwagia. Nimeshuhudia, na shati lilikuwa jipya.

Kasanka: kitu ambacho ni vigumu kumwuzia mtu

Nilipomtajia mdogo wangu popo, alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena. "Yaya, popo njo kintu ya kulipia viza? Tuko nabo mu plafond, bure."

Ana haki. Popo kwetu ni harufu ya dari na mambo ya wachawi, na wengine kwao ni mboga. Kwa hiyo nieleze polepole.

Kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Desemba, kwenye hifadhi ya Kasanka, moja ya hifadhi ndogo kabisa za Zambia, popo wala-matunda wa rangi ya majani makavu hukusanyika katika kipande kimoja cha mushitu, ule msitu wa majimaji usiokauka. Hesabu zinazotajwa ni kati ya milioni 8 na 10. Kwa kuwahesabu wanyama wanyonyeshao, wanasema hakuna msafara mkubwa kuliko huo duniani. Nyumbu wote wa Serengeti hawafiki milioni mbili. Popo mmoja akikunjua mabawa ni karibu sentimita 80 toka ncha hadi ncha, na mwili wake una uzito wa embe la wastani.

Wanafuata nini? Masuku. Yale yale ya fungu la soko la Kenya. Pori la miombo halijui Zambia inaishia wapi na Katanga inaanzia wapi, na mvua zinapoanza matunda huiva pande zote: masuku, mpundu, mufinsa. Popo hutoka jioni, hutawanyika makumi ya kilomita kula usiku kucha, hurudi alfajiri kulala. Desemba ikifika katikati wanaondoka. Watafiti waliwafunga baadhi yao vifaa vya kufuatiliwa kwa setelaiti, na katika matokeo waliyoyatoa 2008 mmoja wao alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 1,900, na njia yake ilikuwa ya kaskazini, ndani ya Congo yetu. Kwa hiyo hao nao ni wa kwetu, angalau kwa miezi fulani ya mwaka. Tofauti yao na sokwe wa Chimfunshi ni kwamba hawa wanakwenda na kurudi bila kumwomba mtu pasipoti.

Nilichokiona mimi ni hiki. Tulifika pembeni mwa ule msitu saa kumi na moja jioni. Kwa mbali nilidhani miti ina majani ya rangi ya kahawia. Halafu tawi moja likavunjika kwa uzito, na majani yakaruka. Miti ilikuwa imevaa popo, wamejining'iniza mmoja juu ya mwingine mpaka matawi yamepinda kama ya mwembe wakati wa mavuno. Kelele ni ya soko la saa sita mchana, kila mtu anabishana bei. Harufu ipo, tamu na kali, siwezi kuificha. Jua lilipogusa miti wachache wakaanza kuzunguka juu, kisha kama mtu ameondoa kizibo, wakatoka wote. Dakika kumi zikapita, ishirini, bado wanatoka. Hapakuwa na kelele tena, ila mabawa tu, kama mtu anayekung'uta shuka kubwa bila kuchoka. Tai walikuwa wanaingia katikati na kunyakua, na hakuna aliyetawanyika. Chini kwenye maji mamba husubiri matawi yavunjike.

Binti wa rafiki yangu, tuliyekuwa naye, alijilaza chali kwenye mbao za jukwaa asipate shingo kuuma. Nikamwiga. Hiyo ndiyo namna nzuri ya kutazama, naipendekeza.

Alfajiri ni tofauti, na kwangu ndiyo bora. Unaamka saa tisa na nusu usiku, unapanda ngazi na tochi, unakaa kwenye baridi. Wanarudi kutoka kila upande kwa wakati mmoja, anga likiwa rangi ya zambarau, matumbo yamejaa, na wanagombania tawi. Kuna pia jukwaa la Fibwe, juu ya mti mkubwa wa mululu, kama mita 18 kutoka ardhini, ambalo ukungu ukianza kuondoka unamwona nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu, ametoka kwenye mafunjo. Ngazi ya Fibwe si ya mtoto wa miaka 7 anayeogopa jogoo. Abaki chini na baba yake.

Na kwa kuwa binti yuko darasa la kusoma habari za wasafiri wa zamani: Chitambo, alikofia David Livingstone mwaka 1873, si mbali na hapo. Moyo wake ulizikwa chini ya mti wa mpundu, tunda lile lile la popo, na watumishi wake Chuma na Susi wakaubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo. Wakati wengine wakipiga picha za mnara, mimi nilikaa nikipiga hesabu za kilomita kama ninavyozipiga ofisini, na nikashindwa kuelewa waliwezaje.

Sasa ziweke kando kwa kando

Kalenda ndiyo inayoumiza. Chimfunshi iko wazi kwako mwezi wowote, na wakati wake mzuri ni kiangazi, Julai na Agosti, barabara kavu, watoto wako likizo ndefu. Popo hawana habari na wizara ya elimu. Novemba ndiyo kilele chao, watoto wako darasani, na likizo ya Krismasi inapofika msitu umebaki mtupu. Kwenda Kasanka ni kumtoa mtoto shule siku mbili au tatu na kuziunganisha na Jumamosi na Jumapili. Mdogo wangu anaona ni dhambi. Mimi naona mwalimu mwenye akili atamwambia mtoto aandike insha.

Barabara: Chimfunshi ni ya siku moja. Kasanka ni mbali zaidi, na una njia mbili. Ya lami ni kuzunguka: Kasumbalesa, Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, halafu unaiacha barabara kuu na kushika ya Mansa kama kilomita 50 hivi. Ya pili ni kupitia Mokambo na kukata lile buti la Sakania, kipande cha Congo kilichoingia ndani ya Zambia, kama kilomita 70, mpaka daraja la Chembe juu ya Luapula, halafu Mansa na Samfya. Kwenye ramani ya pili ni fupi. Wakati wa mvua, na familia garini, mimi hushika ya lami na kulala njiani, Serenje au kabla. Hapo siku nne zinakuwa zimebanwa kweli: moja ya kwenda, jioni na alfajiri ya popo, moja ya kurudi. Tano ni bora.

Kwa njia zote mbili, makaratasi ni yale yale: pasipoti na viza, kadi ya manjano ya kila mtu hata wa miaka 7, hati za kuzaliwa za watoto, bima ya gari ya COMESA. Fikeni mpakani asubuhi na mapema, malori yamelala foleni na madereva wanapiga mswaki. Gari dogo hupita kando. Huko ng'ambo wanaendesha kushoto. Gari nyingi za hapa usukani uko kulia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza utaona mbele vizuri unapotaka kulipita lori. Usisahau kurudi kulia ukirudi; mimi nilisahau, nikakutana na pikipiki uso kwa uso pale pale baada ya kizuizi.

Lugha: Kiswahili chetu Zambia hakitakupeleka mbali, ila Kibemba kitakupeleka popote, na nani Lubumbashi hana shangazi Mbemba? Sema "mwashibukeni" langoni asubuhi uone sura zinavyobadilika.

Woga na afya. Sokwe yuko nyuma ya uzio, kwa hiyo mvulana atakuwa salama na atajua yuko salama. Popo hawamgusi mtu, lakini giza, ngazi na kelele ni vitu vitatu ambavyo yeye havipendi. Kuhusu magonjwa, kwa sababu najua ataniuliza: mlipuko wa homa ya Marburg huko Durba, kule Watsa, kaskazini-mashariki mwa Congo, miaka ya 1998 hadi 2000, ulihusishwa na popo wa aina nyingine, wanaolala mapangoni na kwenye mashimo ya mgodi. Hawa wa Kasanka hulala mitini, hewani, na wewe uko mbali nao. Sheria ni moja: aliyeanguka chini haokotwi, hata awe mzuri namna gani, na kofia iwe kichwani, kwa sababu zilizo wazi.

Pesa: Chimfunshi ni nafuu, kwa kuwa ni karibu na unajipikia. Kasanka mafuta yanaongezeka, usiku mmoja zaidi, na Novemba wageni wanatoka mabara yote, kwa hiyo vitanda na hata viwanja vya mahema huisha miezi kabla. Mwezi wa saba mtu awe ameandika barua pepe.

Mtu mwenye wiki mbili na watoto wakubwa atanikumbusha hifadhi ya Gombe, Tanzania, na ni kweli. Unafika Kalemie, unavuka ziwa kwenda Kigoma, unapanda mtumbwi wa injini, maana barabara haipo, na unawakuta sokwe wasio na uzio, wajukuu wa wale aliowafuata Jane Goodall kuanzia 1960. Congo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, basi langoni onyesha pasipoti na uulize bei ya mwanajumuiya kabla hujatoa dola. Utaelewana na kila mtu, ingawa Watanzania watakicheka Kiswahili chako. Ukisema "tuko naenda" watakuomba urudie. Ila kule unapanda milima ukiwatafuta, unaweza kutembea nusu siku, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Kwa familia hii, miaka mitano ijayo.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: kama mnakwenda wote wanne, na mnataka kurudi bila ugomvi, Chimfunshi, mwezi wa saba. Kama ni binti na mama yake tu, mvulana abaki na baba na Jumapili waende kumwangalia simba wa mjini, basi Kasanka, Novemba, hata kwa kukopa. Kama ingekuwa mimi na nafasi moja tu maishani, ningekwenda kwa popo, na nimeshakwenda mara mbili.

Alinyamaza. Nikasikia anamwuliza mtu nyuma yake. Halafu ikaja sauti ya binti kwenye simu: "Yomba, ile insha itaandikwa kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili?"